Shajara ya mradi: kupima tunu za watu Tanga, Sengerema na Nairobi

21 Januari 2024: kwa nini tunaanza

Mradi huu wa kupima tunu, yaani yale mtu anayoyaona muhimu maishani, umetokana na ubishi. Kuna slaidi inazunguka sana kwenye semina za uongozi na biashara, inasema Tanzania ina 64 kwenye umbali wa madaraka (watu kukubali kwamba mkubwa yuko juu yao) na 27 kwenye ubinafsi (mtu kujitanguliza yeye kuliko kundi lake), alafu mtoa mada anamwaga hitimisho kwamba sisi tuko hivi, Wazungu wako vile, ndo maana hatuwezi kumkosoa bosi. Zile namba ni za Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi. Ukifuatilia zilikotoka unakuta ni dodoso walizojaza wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973, dunia nzima zaidi ya 100,000, na kwa sababu ofisi za huku zilikuwa na watu wachache, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zikatiwa kapu moja likaitwa Afrika Mashariki. Yaani mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta wa enzi hizo ndo anamsemea mvuvi wa Kigombe na mfugaji wa Longido mpaka leo, na Mhabeshi humo humo.

World Values Survey, ule utafiti wa tunu wa nchi nyingi alioongoza Ronald Inglehart kuanzia 1981, umefika Tanzania 2001 na Kenya 2021, na wao wanachagua watu vizuri zaidi. Ila sisi hatuhitaji namba za nchi. Tunataka kujua kitu kidogo zaidi: kile chombo chenyewe cha kupimia, ukikiweka mbele ya mtu wa Ngamiani, Tanga, aliyekaa kibarazani kwake, kinapima nini?

Tuko watatu. Mimi nafundisha sekondari, mwenzangu anajua R, programu ya takwimu, na dada mmoja alishakuwa karani wa sensa 2022 kwa hiyo anajua kubisha hodi kwa watu kuliko sisi wote.

Tumechagua nadharia ya mwanasaikolojia Shalom Schwartz, ya 1992. Anasema tunu za binadamu kokote ni aina 10 na zimekaa kwenye duara, zinazoelewana zinakaa jirani, zinazogombana zinatazamana. Nazipa namba kabisa maana huko mbele mtazihitaji: 1 kujiamulia mambo yako, 2 msisimko, 3 raha, 4 mafanikio, 5 madaraka, 6 usalama, 7 kufuata taratibu, 8 mila, 9 wema kwa watu wako wa karibu, 10 kujali watu wote na dunia.

24 Februari 2024: vibali na dodoso

Vibali tumepata kwa tume zinazoruhusu utafiti, COSTECH upande wa Tanzania na NACOSTI upande wa Kenya. Baada ya hapo kuna ngazi ya wilaya, kata, mtaa. Ushauri mmoja tu: tembea na nakala nyingi za barua zenye muhuri, kila mwenyekiti wa mtaa anabaki na yake. Majina ya watu hatuandiki popote, kila mtu ana namba.

Schwartz mwenyewe ana vyombo kadhaa. Cha zamani kinakupa orodha ya maneno makubwa makubwa, usawa, heshima, uhuru, unayapa alama kuanzia −1 mpaka 7. Hicho kilisumbua sana kwa watu ambao hawajazoea mitihani ya aina hiyo. Kipya zaidi kinakuelezea mtu fulani kwa sentensi moja mbili, mtu huyu anapenda hivi, kwake muhimu ni hivi, alafu unaulizwa anafanana na wewe kiasi gani, ngazi 6. Hiki kilijaribiwa Afrika Kusini kwa watu 3,210 na Uganda kwa wasichana 840 wa miaka 13 na 14, ripoti ikatoka 2001, na duara likaonekana. Tumechukua toleo fupi la vielelezo 21, yaani watu 21 wa kuelezewa hivyo, lile linalotumika tangu 2002 kwenye European Social Survey, utafiti wa maoni wa Ulaya. Kila tunu ina vielelezo 2, ya kumi peke yake ina 3.

Kutafsiri: wawili wametafsiri kila mtu kivyake, wa tatu akarudisha kwenye Kiingereza bila kuona ya mwanzo, tukakaa kulinganisha. Ni njia ya Brislin ya 1970, inachosha lakini inafichua mengi. Faida moja tulipata ya bure, Kiingereza kwa sababu ya he na she kinahitaji dodoso la wanaume na la wanawake, sisi moja linatosha.

Kuchapa nakala 300, kurasa 2, shilingi 200 ukurasa: 120,000.

Angalizo kwa atakayeiga: kwenye fomu 1 ni "ananifanana sana" na 6 ni "hanifanani kabisa". Kabla ya kuchambua chochote geuza namba, 7 toa jibu. Usipogeuza utakuta mji mzima unachukia wema na utaanza kuandika makala ya ajabu. Humu kwenye shajara nikisema mtu kaweka 6 namaanisha namba iliyoshageuzwa, yaani ananifanana sana.

9 Machi 2024: Tanga, kila mtu sita

Tumeanza Ngamiani na Makorora, tukaona tukimbize kabla Ramadhani haijaingia. Imebuma.

Nieleze kwa mtu mmoja maana karibu wote walikuwa hivyo. Bibi mmoja, katupokea vizuri, shikamoo bibi, marahaba wanangu karibuni, vigoda vikatoka, maji yakaletwa. Dada akaanza kusoma. Kuna mtu anapenda kuwasaidia walio karibu naye, anafanana na wewe? Ananifanana sana. Kuna mtu anataka kuwa na hela nyingi na vitu vya thamani. "Ananifanana, nani asiyetaka hela mwanangu." Kuna mtu anaona bora kufuata mila za wazee. Sana. Kuna mtu anatafuta mambo mapya, anapenda kujitosa hata penye hatari. Akafikiri kidogo. "Naye ananifanana." Mpaka kielelezo cha mwisho hakumkataa hata mmoja.

Hakuwa anatudanganya. Mgeni kaja nyumbani kwako, anakutajia watu mmoja mmoja kwa wema, utaanzaje kuwakataa mbele yake? Mtu unayeambiwa habari zake nzuri unamkaribisha. Wataalamu wanaita tabia ya kukubali kila kitu, na ina utaratibu wake wa kusafisha: kwenye dodoso la vielelezo 21, mtu aliyetoa jibu lile lile zaidi ya mara 16 anatolewa. Tukapitisha huo mchujo, likaondoka rundo zima la fomu, na walioondoka wengi ni akina mama watu wazima na wazee. Sasa ukiwatoa hao umebaki na Tanga ipi? Ya vijana waliomaliza fomu four.

Tulichojaribu:

Kubadilisha mpangilio wa maswali. Haikusaidia chochote.

Kadi zenye sura, ya kucheka mpaka ya kununa. Mzee mmoja akauliza kama tumetoka chekechea. Tumeziacha.

Kuuliza kwa hatua mbili. Kwanza, huyu anafanana na wewe au hafanani? Ukishajibu, sana au kidogo? Hii imesaidia kidogo, hasa kwa wanaochanganywa na ngazi 6 kwa mkupuo. Tunaibakiza.

20 Aprili 2024: kutoa wastani, na kadi 18

Mwezi mtukufu tulisimama. Ingekuwa kichekesho kupima mila na raha mtu akiwa na swaumu. Idi imepita, tumerudi.

Dawa ya Schwartz mwenyewe kwa wanaokubali kila kitu ni rahisi: kila mtu mtolee wastani wake. Mfano wa kubuni: Asha kaweka mila 6 na raha 5, Juma kaweka mila 4 na raha 3. Ukiangalia juu juu Asha anapenda mila kuliko Juma. Lakini wastani wa Asha ni 5.5 na wa Juma ni 3.5, ukitoa wote wanabaki na mila +0.5 na raha −0.5. Ni watu wenye mizania moja, tofauti yao ni kwamba Asha anajibu kwa sauti kubwa. Watu wengi wanaolinganisha nchi wanaruka hii hatua, wanachukua wastani mbichi wa nchi hii wanauweka pembeni ya ule wa nchi ile, kumbe wamelinganisha adabu za kujibu maswali.

Tatizo, aliyeweka 6 kote ukimtolea wastani anabaki na sifuri kote. Hujapata kitu.

Kwa hiyo tukarudi nyuma zaidi, kwa mwanasaikolojia Milton Rokeach, 1973, yeye alikuwa na tunu 18 za malengo na 18 za mwenendo na hakuwapa watu alama, aliwaambia wazipange, ya kwanza mpaka ya 18. Hapo hakuna kukubali zote. Tukatengeneza kadi 18 za malengo tukazitandaza kwenye mkeka.

Nayo haikwenda. Tatu za juu mtu anachagua haraka, mbili za chini anapata, hizo za katikati anaziweka tu ili tuondoke. Tukirudi kwa mtu yule yule baadaye, juu na chini ziko pale pale, katikati yote imevurugika.

Na kuna mzee mmoja wa Makorora aligoma kabisa, na kugoma kwake ndo kumetufundisha kuliko waliokubali. Rokeach ana kadi ya wokovu, sisi tuliandika pepo ya akhera. Mzee akaishika, akaiangalia, akainuka akaenda kuiweka juu ya kabati. "Hii haishindanishwi na hizo. Haya, zilizobaki nizipangeje?" Akazipanga 17 kwa utulivu kabisa.

Schwartz alishafikiria tunu ya 11 ya mambo ya kiroho, akaiacha kwa sababu haikuwa na maana moja kutoka nchi hadi nchi, dini yenyewe akaiingiza ndani ya mila. Kihesabu namwelewa, ila kwa Tanga hapa sikubaliani naye. Ukimwambia mtu wa Tanga swala yake ni mila, utaondoka bila kahawa. Tumeamua: tunarudi kwenye tunu 10 za Schwartz, kila moja na kadi yake, zinabaki kama zilivyo ili tuweze kulinganisha na wengine, dini inapata kadi yake ya pembeni, inaulizwa mwisho na haiingii kwenye hesabu ya duara.

18 Mei 2024: seti 15, hii imekubali

Kazi ilichelewa, kimbunga Hidaya kilipiga pwani mwanzoni mwa mwezi na mvua zilikuwa zimeshaharibu barabara kabla yake.

Njia mpya: usimpe mtu kadi zote. Mpe 4 tu, muulize ipi muhimu kuliko zote kwake na ipi ya mwisho. Basi. Chukua, mpe 4 nyingine. Ujanja uko kwenye kupanga hizo nne nne. Kwa kadi 10 kuna mpangilio wa seti 15 ambao kila kadi inatokea mara 6 na kila kadi mbili zinakutana mara 2, hakuna inayopendelewa. Nauweka hapa wote ili usihangaike, namba ni zile za tunu nilizozitaja mwanzo:

1-2-3-4, 1-2-5-6, 1-3-7-8, 1-4-9-10, 1-5-7-9, 1-6-8-10, 2-3-6-9, 2-4-7-10, 2-5-8-10, 2-7-8-9, 3-5-9-10, 3-6-7-10, 3-4-5-8, 4-5-6-7, 4-6-8-9.

Changanya seti kabla ya kila mtu, usianze na ya kwanza siku zote, na ndani ya seti changanya kadi pia maana kadi ya kushoto inachaguliwa mno. Alama ya tunu ni mara ngapi imechaguliwa ya kwanza toa mara ngapi imechaguliwa ya mwisho, kwa hiyo inakwenda kutoka −6 mpaka +6, na ukijumlisha zote 10 za mtu mmoja lazima upate 0. Usipopata 0, karani kakosea kujaza. Hicho peke yake kimetuokoa mara nyingi.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, hilo neno "ya mwisho". Watu hawataki kuitupa kadi nzuri. Yule bibi wa kwanza tulirudi kwake, akashika kadi ya wema na kadi ya usalama, akasema zote za kwanza, hizo mbili nyingine nazo nzuri, ondoka nazo. Dada akamwambia, bibi, hatuzitupi, ila tuseme zinapita mlangoni moja moja, ipi unaiambia ingoje kidogo? Akacheka, akaionyesha ya madaraka. "Hiyo ingoje. Ingoje sana." Tangu hapo swali letu kwa makarani wote ndo hilo, ipi ingoje, na hakuna aliyegoma tena.

Hasara yake mjue. Kwa sababu jumla ni 0 lazima, namba za tunu moja zinategemea za nyingine, usizitie kwenye uchambuzi wa kawaida wa vipengele (factor analysis) kama vile ni alama huru, utapata majibu ya uongo. Na haikwambii kama mtu anazipenda zote sana au zote kidogo. Mimi naona hiyo ya pili si hasara, hatukuwa tunaijua hata mwanzo.

Kadi 10 kwa mafungu 6 ya makarani, kuchapa na laminesheni, 1,000 kwa kadi: 60,000.

15 Juni 2024: Sengerema

Mkoani Mwanza, kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, foleni, tumefika jioni. Mwangaluka, salamu ya Kisukuma tuliyojifunza njiani, ikatuvusha kesho yake asubuhi vizuri tu.

Kadi zimefanya kazi. Kilichosumbua ni watu. Tanga unamhoji mtu mmoja, huku ukitandaza mkeka chini ya mwembe unapata hadhira, na hadhira ina maoni. Kijana kashika kadi nne, ya kujiamulia mambo yake imo, anaangalia pembeni alipokaa baba yake, anaiambia kadi hiyo ingoje. Tukamuomba turudie na nne nyingine tukiwa tunatembea kuelekea kisimani, na huko kadi ile ile ikaanza kupanda. Sasa lipi ndo jibu lake? Kuna mtu atakwambia la kisimani, la kwa baba ni woga. Mimi sina uhakika. Maisha yake mengi anayaishi baba akiwa pale, na kufuata taratibu mbele ya wakubwa ni tunu yenyewe kwenye orodha, namba 7.

Tulichofanya: makarani wawili wanafika boma moja kwa pamoja, mmoja anaanza na mzee mwenyewe kwa heshima zote, mbali kidogo, mwingine anabaki na vijana. Mzee akiwa na kadi zake mkononi hana muda wa kusikiliza za mwanawe. Na kila fomu sasa ina kisanduku cha kujaza nani alikuwepo. Kijaze hata kama unaona hakina maana.

Shida ya pili ni kadi ya raha. Maelezo yake ya asili ni mtu anayependa kujifurahisha na kujidekeza. Sengerema na Tanga kote wanamsikia mtu aliyetelekeza familia akala hela peke yake, wanamwambia angoje hata kabla hujamaliza kusoma. Tukasema tuweke mfano wa kwao. Tanga tukaandika mtu anapenda kukaa jioni na kahawa na kashata. Kadi ikapaa! Lakini nani anakunywa kahawa peke yake Tanga? Unakunywa na wenzio, barazani, na habari za mtaa. Kadi imeacha kuwa ya raha imekuwa ya wema kwa walio karibu. Na Sengerema hiyo kahawa haina uzito huo, ukiwawekea mfano wao mwingine tayari una kadi mbili tofauti zenye namba moja, kulinganisha kumekufa.

Hili halina ufumbuzi msafi. Kila mtu anayepima tamaduni zaidi ya moja anakutana nalo, chombo kikiwa cha wote hakimkai yeyote vizuri, kikikatwa kwa kipimo cha kila mtu hakilinganishwi. Tumeifuta kahawa. Kadi ya raha imerudi kwenye maelezo makavu, tumeondoa tu hilo la kujidekeza tukabakiza kufurahia maisha.

6 Julai 2024: Nairobi imesogezwa

Tulipanga kuingia wiki ya mwisho ya Juni. Maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha yakaanza tarehe 18, tarehe 25 watu wakaingia Bungeni, kesho yake Rais Ruto akasema hasaini. Vijana tuliotaka kuwahoji walikuwa barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Si wakati wa kwenda na kadi imeandikwa "madaraka" kumuuliza mtu iwe ya kwanza au ingoje.

Pia kuna swali la kitaalamu. Tunu zinatakiwa ziwe kitu cha kutulia, si hali ya wiki hii. Ukipima katikati ya moto hujui umepima kipi. Tarehe ya kila mahojiano tunaiandika sasa mpaka saa.

28 Septemba 2024: Nairobi imekamilika, na balaa la simu

Mashariki ya jiji, vijana wengi wa miaka 20 na kitu. Swali la kwanza kwa kila mtu lilikuwa moja, "mmetumwa na nani?" Kitambulisho, barua, maelezo, bado. Kilichosaidia ni kumwonyesha fomu yenyewe haina mahali pa jina wala namba ya simu, na kumwacha ajaze mwenyewe.

Hapo ndo tukatumbukia. Kwa sababu walitaka kujaza wenyewe tukatengeneza fomu ya vielelezo 21 kwenye simu tukaituma kwa linki. Majibu yakaja haraka, mazuri, yametawanyika ngazi zote 6, watu wanakataa vielelezo bila aibu. Mwenzangu akafurahi, Nairobi wanajibu vizuri! Dada akamkata: Nairobi, au simu? Tanga waliulizwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda chao. Hakuna wa kumkaribisha kwenye simu.

Kutenganisha hayo mawili kumetugharimu. Tumerudi kila mahali tukagawa nusu kwa nusu, nusu wanahojiwa na mtu, nusu wanajibu peke yao. Sengerema simu janja hazitoshi na wengine hawasomi, kwa hiyo tumerekodi vielelezo kwa sauti ya mwenyeji, mhojiwa anavaa hedifoni za kishkwambi, anasikia, anagusa rangi. Karani anakaa mbali, hasikii anachojibu. Imependwa kuliko tulivyotegemea, wazee hasa, walikuwa wanaomba kurudia kusikiliza.

Na dada alikuwa sahihi. Sengerema wakiwa na hedifoni nao wanakataa watu. Sehemu kubwa ya kile tulichokuwa tunakiita tofauti ya mji na kijiji ilikuwa ni tofauti ya kuangaliwa na kutoangaliwa. Haijaisha yote, imepungua sana.

23 Novemba 2024: uchambuzi

Nifupishe. Kwa R, kifurushi cha smacof kinachora ramani ya tunu kutokana na zinavyoendana, na lavaan inapima kama chombo kinafanya kazi sawa kila mahali. Vyote bure.

Ramani kwanza. Duara linaonekana kote kwa umbo lake kubwa: mila, taratibu na usalama upande mmoja, kujiamulia na msisimko upande wa pili, madaraka na mafanikio yanatazamana na wema na kujali wote. Raha inazurura, na tulishajua kwa nini.

Kulinganisha sasa. Hapa kuna madaraja matatu ambayo watu hawayaelezi vizuri, nijaribu na mizani ya muuza samaki. La kwanza, je wote wana mizani, yaani kielelezo cha mila kinaenda na cha mila kila mji? La pili, kilo moja ni kilo moja kwenye kila mizani, ukiongeza kiasi kile kile mshale unasogea sawa? La tatu, je mshale unaanzia sifuri kwenye mizani zote? Ukifika la pili unaruhusiwa kusema kwamba kote wazee wanathamini mila kuliko vijana, au kwamba tunu hii inaendana na ile. Kusema Tanga wanathamini mila kuliko Nairobi kwa wastani, unahitaji la tatu.

Sisi tumefika la pili. La tatu hatujafika, hata karibu. Na hatuko peke yetu: Davidov, Schmidt na Schwartz mwenyewe, 2008, walipima nchi 20 za ule European Social Survey zenye dodoso lile lile, makarani waliofunzwa na hela za kutosha, wakaishia la pili pia, na tunu zilizoweza kutofautishwa zikawa 7 badala ya 10. Alafu mtu anasimama na slaidi ya 64 na 27.

Tulichonacho cha kusimama nacho ni mpangilio ndani ya mtu. Kwa seti 15, kote tatu, wema kwa walio karibu uko juu na madaraka yako chini kwa watu wengi. Hii inafanana na inavyotokea nchi nyingi sana duniani, Schwartz na Bardi waliandika hivyo 2001. Watu wanaotegemea kusikia Waafrika tofauti kabisa na wengine hatuna cha kuwapa hapo. Tofauti iko katikati ya orodha, usalama na kujiamulia vinapishana kufuata umri na shule zaidi kuliko mahali.

18 Januari 2025: bahasha

Swali lililobaki, mtu akisema wema ni wa kwanza, anautoa? Jean Ensminger, mtafiti, alicheza na Waorma wa Mto Tana, Kenya, mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, ilikuwa sehemu ya ule utafiti wa jamii 15 ndogo ulioongozwa na Joseph Henrich, matokeo ya kwanza 2001. Waorma walipoelezwa tu wakasema hii ni harambee.

Tumefanya Tanga tu, watu 40, vikundi vya wanne. Kila mtu anapewa 2,000, anaweka anachotaka kwenye bahasha bila kuonwa, tunazidisha jumla mara mbili, tunagawa sawa kwa wanne. Bajeti ya juu kabisa ni 160,000, tulitumia chini ya hapo.

Uhusiano kati ya kadi ya wema na bahasha ni dhaifu. Kadi ya kufuata taratibu inaendana na bahasha vizuri zaidi, walioipandisha walichangia karibu na nusu, si zaidi si pungufu, na ukiwauliza wanakwambia ndo inavyotakiwa. Ni watu 40, usinukuu. Kasoro ya mpangilio: wote wa mtaa mmoja wanajuana, na jioni walikuwa wanaulizana nani aliweka ngapi. Ukiiga changanya mitaa.

22 Februari 2025: gharama na kinachofuata

Mpaka sasa ni kama milioni 5 na nusu, kubwa ni nauli na posho za makarani (25,000 kwa siku, chini ya hapo hupati mtu makini). Kuchapa na kadi ni hela ndogo. Kile kipande cha kurudi kila mahali kugawa nusu kwa nusu ndo kimekula zaidi, ukianza nacho toka siku ya kwanza unaokoa karibu theluthi.

Kinachofuata ni kurudia seti 15 kwa watu wale wale wa Ngamiani baada ya Idi, kuona nani kabadilika na kadi zipi, na kurekodi upya sauti za Nairobi maana aliyesoma alisoma kama taarifa ya habari. Kadi ya dini ina majibu mengi ambayo bado hatujui tuyaweke wapi, kwa sasa yako kwenye shiti yake.

Fomu za karatasi za Machi 2024, zile za kila mtu sita, hatujazichoma. Mwenzangu anataka kuzipima zenyewe, nani alikubali kila kitu na kwa karani yupi.